Ninunue gemu la kawaida sasa, au nisubiri toleo kamili?

BARUA

Kaka, shikamoo.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Tanga, nina miaka 28. Nimeoa mwaka jana na mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Ninalokuandikia huenda wengine wakaliona la kitoto, lakini limenikosesha raha kwa wiki mbili sasa na sina wa kumuuliza.

Nina PS4 (PlayStation 4, mashine ya kuchezea magemu) iliyotumika, niliyoinunua kwa malipo ya kazi ya hoteli moja, nilikofunga viyoyozi 11. Hiyo ndiyo starehe yangu. Sinywi, wala sishindi kijiweni. Jioni tukishakula nacheza saa moja na nusu hivi, mara tatu kwa wiki, mke wangu akiwa pembeni anatazama au anashona vitu vya mtoto. Gemu nililolitamani tangu sijaoa ni The Witcher 3: Wild Hunt. Nililiona kwa rafiki yangu Mombasa nilipokwenda kazini. Nilicheza labda saa mbili tu. Yule bwana mwenye nywele nyeupe na panga mbili mgongoni anapita na farasi katikati ya mashamba, jua linazama, upepo unalaza nyasi. Tangu siku hiyo gemu lile halijanitoka kichwani.

Sasa nimeweka akiba ya shilingi 150,000 na mke wangu anajua. Aliniambia hivi: “Hiyo ni jasho lako, nunua. Ila usije ukaniambia mwezi wa tatu kwamba gemu lina kipande kimebaki, unataka hela nyingine.” Na ana haki, maana mwezi wa tatu tutakuwa na mtoto ndani ya nyumba.

Ziko njia mbili. Kuna duka Dar linauza diski iliyotumika ya toleo la kawaida kwa 45,000, na wanaituma kwa basi. Mjomba wangu anayeishi Muscat naye anakuja likizo baada ya wiki tatu. Amesema anaweza kunitafutia huko toleo kamili, lenye nyongeza zote, yaani vipande vya ziada vilivyotoka baada ya gemu lenyewe, nami nitamrudishia 120,000. Mdogo wangu aliye chuo, ambaye ndiye aliyenifungulia akaunti ya PlayStation na kuiandikisha Marekani, anasema nisipoteze hela. Ninunue ya 45,000, nicheze, halafu nyongeza nizinunue mtandaoni kidogo kidogo kwa vocha nikishaona nazihitaji.

Maneno yake yana mantiki. Lakini nina kidonda, kaka. Mwaka juzi nilinunua gemu la mapigano. Siku ya kwanza nimekaa na mpwa wangu wa miaka kumi na miwili, tunafungua orodha ya wapiganaji, tunakuta picha kadhaa zimefungwa kufuli na kila moja ina bei yake. Akaniuliza, “Mjomba, kwa nini hawa hatuwezi kuwachagua? Si umelinunua gemu?” Nilikosa jibu. Nilihisi nimeuziwa nyumba ambayo vyumba viwili vimefungwa na funguo anabaki nazo mwenye nyumba.

Kwa hiyo naomba unijibu kwa ukweli. Nikinunua toleo la kawaida, nitakuwa nimecheza gemu nusu? Na hiyo tofauti ya 75,000 kwa mtu anayesubiri mtoto ni halali, au najidanganya?

Ni mimi, fundi wa Tanga.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hongera kwa safari ya mtoto, Mungu awafikishe salama.

Hakuna utoto hapa. Mtu anayeweka akiba, anamshirikisha mkewe, halafu anauliza kabla ya kulipa, ana akili timamu. Tena mkeo amekusaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu sharti lake ndilo linaloamua jambo hili: unalipa mara moja tu. Lishike hilo, tutalirudia.

Nianze na swali linalokuuma. Hapana, toleo la kawaida la The Witcher 3 si gemu nusu. Lilipotoka tarehe 19 Mei 2015 lilikuwa hadithi nzima, na mwisho wa mwaka ule likatwaa tuzo ya gemu bora la mwaka kwenye The Game Awards bila nyongeza ya pili kuwapo kabisa. Geralt, huyo bwana wa nywele nyeupe, anamtafuta Ciri, binti aliyemlea, na ndani ya diski ile ya 45,000 utaianza safari hiyo na utaimaliza. Hakuna kufuli katikati ya njia.

Yale ya wapiganaji waliofungwa ni mambo mengine, na kidonda chako nakielewa. Pale ulikuwa unaonyeshwa kitu mezani, ukinyoosha mkono unaambiwa lipa. Nyongeza za The Witcher 3 hazikutengenezwa hivyo. Ya kwanza, Hearts of Stone, ilitoka Oktoba 2015, na watengenezaji wenyewe, CD Projekt Red wa Poland, walisema ina kama saa 10 za kucheza. Ya pili, Blood and Wine, ikatoka tarehe 31 Mei 2016 ikiwa na kama saa 20. Hiyo ya pili inakupeleka Toussaint, nchi ya mashamba ya mizabibu ambayo haimo kabisa kwenye gemu la kawaida, na humo Geralt anapata nyumba yake mwenyewe baada ya maisha yote ya kulala porini na kwenye nyumba za wageni. Mwaka 2016 nyongeza hiyo ilishinda tuzo ya gemu bora la uigizaji wahusika kwenye The Game Awards, ikishindana na magemu mazima. Mimi niliicheza baada ya kumaliza safari ya Ciri, na siku Geralt alipofunguliwa mlango wa nyumba ile nilikaa kimya mbele ya televisheni nikimwonea raha kama ndugu yangu aliyehamia kwake.

Kwa hiyo usinunue toleo kamili kwa hofu ya kupunjwa. Hilo la kawaida halikupunji.

Hata hivyo nakushauri umsubiri mjomba. Nieleze kwa nini, kwa kuwa sababu yangu siyo unayoitegemea.

Mdogo wako ana akili na ushauri wake ungefaa sana kwa mtu anayechezea kompyuta, ambako nyongeza huungana na gemu ndani ya akaunti ileile na punguzo ni za mara kwa mara. Kwako wewe wa PS4 yenye diski, kuna jambo hakuliangalia. Diski za PS4 zenyewe hazina ubaguzi. Diski iliyouzwa Ulaya, Marekani au Ghuba itacheza kwenye mashine yako Tanga bila neno. Nyongeza ndizo zenye ubaguzi. Nyongeza iliyonunuliwa kwenye duka la mtandaoni la Marekani inaitambua diski ya Marekani, na ya Ulaya inaitambua diski ya Ulaya. Duka la PlayStation halina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, ndiyo maana mdogo wako alikuandikisha Marekani, na vocha utakazonunua ni za Marekani. Sasa ile diski ya Dar imetoka wapi? Huenda imeingia kutoka Dubai au Uingereza. Ikiwa ni ya upande huo, utanunua vocha, utanunua nyongeza, utamaliza bando kuipakua, halafu gemu lisiione. Iko ndani ya mashine, umeilipia, na Toussaint hufiki.

Jirani yangu mmoja yalimkuta hayohayo na gemu jingine. Alinipigia simu usiku akidhani mashine imeharibika. Tulilala saa saba tunafuta na kupakua upya, na kosa lilikuwa limechapwa kwenye ubavu wa kasha muda wote.

Wewe ni fundi, utanielewa haraka. Kompresa inaweza kuwa mpya kabisa na friji zima kabisa, lakini kama kompresa ni ya gesi nyingine, huwezi kuifunga tu ukaondoka. Unasoma kwanza kibandiko. Kwenye diski pia kuna kibandiko. Tazama kona ya chini ya kasha kwa mbele: ukiona neno PEGI na namba 18 ya umri, diski ni ya upande wa Ulaya. Ukiona herufi kubwa M na neno ESRB, ni ya Marekani. Halafu kwenye ubavu wa kasha na juu ya diski yenyewe kuna namba inayoanza na CUSA. Hiyo ndiyo namba ya gemu, na inatofautiana kati ya soko na soko. Muuzaji wa Dar akikutumia picha ya kasha la mbele tu, hajakupa habari yote.

Toleo kamili lililo ndani ya diski linaondoa shida hii yote. Nyongeza zimo mlemle, hazihitaji akaunti ya nchi fulani, hazihitaji vocha. Na hazihitaji bando, jambo ambalo watu hulisahau kabisa wanapopiga hesabu. Blood and Wine peke yake ni zaidi ya GB 10. Ongeza Hearts of Stone, ongeza masahihisho ambayo diski ya 2015 inayahitaji, ongeza na zile nyongeza ndogo 16 za bure walizotoa mwanzoni, nguo, misheni fupi na vitu vya namna hiyo. Kwa bando la simu kama letu, “kidogo kidogo” ya mdogo wako inakuwa hela ya maziwa ya mtoto.

Tuipige hesabu yenyewe. Nyongeza zote mbili ziliuzwa kwa pamoja dola 25. Kwa kiwango cha dola cha siku hizi ni elfu sitini na kitu, kabla muuza vocha hajaweka faida yake na kabla hujanunua bando. Jumlisha na 45,000 ya diski. Umeshafika bei ya mjomba, pengine umeipita, na bado hujui kama diski na akaunti yako vitakubaliana. Kwa hiyo hiyo 75,000 inayokusumbua unaitoa kwenye njia zote mbili. Njia ya mdogo wako inaitoa vipandevipande, na kila kipande kinapita mbele ya mkeo baada ya mtoto kuzaliwa. Ndicho hasa alichokuomba usimfanyie.

Ningekuwa nakujibu mwaka 2015 ningesema vingine. Wakati ule aliyenunua gemu siku ya kwanza kwa dola 60 na pasi ya nyongeza kwa dola 25 alitoa dola 85 jumla, na sehemu ya hela hiyo ilikuwa ya kitu ambacho hakijatengenezwa. Aliyesubiri hadi tarehe 30 Agosti 2016 alipata vyote kwenye kasha moja kwa dola 50 hivi. Miezi kumi na mitano tu! Ndiyo maana gemu likiwa jipya huwa nawaambia watu wachukue la kawaida au wasubiri, kwa sababu siku ya kwanza toleo kamili halipo. Lililopo ni ahadi iliyowekwa bei. Na mengine yanayoitwa makubwa hayana hata ahadi. EA Sports FC 25, gemu la mpira, kwa bei ya juu ilikupa siku saba za kucheza kabla ya wenzako, na pointi 4,600 za kununulia wachezaji. Siku saba zimepita, pointi zimeisha, gemu ni lilelile la jirani yako. Kwa mpira wa kucheza na washkaji, la kawaida linatosha siku zote.

Gemu lako wewe ni la zamani. Kila kitu chake kimeshatoka, kimeshapimwa na kimeshashuka bei. Hapo ndipo kamili inakuwa kamili kweli.

Lakini kuna kasha na kasha, na hapa nina kovu langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilinunua toleo kamili la gemu la magari, limetumika, kasha safi kama jipya. Nikafika nyumbani, nikaweka diski, gemu likawaka vizuri, lakini magari yote ya ziada hayapo. Nikarudi kwenye kasha. Nyuma ya karatasi ya maelezo kulikuwa na kijikaratasi kingine chenye herufi na namba 12 katika mafungu matatu, kimekunjwa mara mbili. Nikaziingiza moja moja kwa pedi, taratibu, nikiogopa kukosea. Jibu likaja kwamba namba hizi zimeshatumika. Bila shaka zilikuwa zimetumika. Mwenye kasha wa kwanza alizitumia siku aliyonunua, na namba za namna hiyo zinafanya kazi mara moja tu. Nilichonunua kwa bei ya toleo kamili kilikuwa toleo la kawaida ndani ya koti la toleo kamili. Nilirudi dukani kesho yake. Hela sikurudishiwa.

Mtego huu haujaisha. Hata CD Projekt Red haohao, toleo la Ultimate la Cyberpunk 2077 walilotoa Desemba 2023 kwa PS5 lina gemu kwenye diski, lakini nyongeza yake ya Phantom Liberty inakuja kwa namba ya kupakua. Ukilinunua jipya halina shida. Ukilinunua limetumika, umenunua diski ya gemu la kawaida. The Witcher 3 la PS4 halikufanywa hivyo, nyongeza zote mbili zimo ndani ya diski, na ndiyo sababu kwa gemu hili hata kasha lililotumika silikatai.

Sasa umwambie nini mjomba? Akiingia dukani Muscat akauliza “toleo kamili la Witcher 3”, muuzaji anaweza kumpa kasha lililoandikwa Complete Edition. Kasha hilo likiwa na utepe mweupe juu ni la PS5, na diski yake haitacheza kwenye mashine yako hata ukiibembeleza. La kwako lina utepe wa buluu wenye maandishi PS4, na jina lake ni Game of the Year Edition. Ni kitu kilekile kwa jina tofauti. Watu wengi wanakosea hapo, na mtu mzima asiyecheza gemu ndiyo kabisa. Mwandikie maneno hayo kama yalivyo kwenye WhatsApp, usimsomee kwenye simu. Mwambie pia ageuze kasha aone kama Kiingereza kimo kwenye orodha ya lugha, maana masoko ya kule huuza na makasha yenye Kiarabu. Na kama ni la mkononi, aipindue diski chini ya taa. Mikwaruzo myembamba ya kawaida isimtishe. Mkwaruzo mrefu unaozunguka kama mstari wa duara ndio wa kukataa.

Faida nyingine ya kasha la PS4 ni kwamba siku Mungu akikujalia PS5 yenye mdomo wa diski, diski hiyohiyo inaweza kukupa ruhusa ya kupakua toleo la PS5 bila kulipa. Walilifungua hilo tarehe 14 Desemba 2022 kwa kila mwenye gemu. Bando lake sasa, hilo utajua siku hiyo.

Kabla ya yote hayo, nataka ufanye jambo moja ndani ya wiki hizi tatu. Umelicheza saa mbili. Saa mbili za mwanzo za gemu hili zina uzuri wa kumfanya mtu yeyote atoe hela, na wako watu wengi walioliacha baadaye kwa sababu lina mazungumzo mengi, kusoma kwingi, na mwendo wa taratibu. Tafuta mtu Tanga mwenye diski, ya toleo lolote, uiazime kwa wiki moja. Cheza kijiji cha mwanzo, White Orchard, hadi umuue griffin, yule mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa cha ndege. Usikimbie. Soma matangazo kwenye ubao wa kijiji, ongea na mganga wa mitishamba, fuata nyayo. Ukimaliza griffin na bado unalala ukilifikiria, mwambie mjomba anunue. Ukiona unabonyeza kuruka mazungumzo ili ufike kwenye mapigano, basi usinunue lolote kati ya hayo mawili, wala la 45,000. Weka hela, mtoto anakuja.

Nakuomba pia usiweke tumaini kwenye njia ya tatu, ya kununua la kawaida sasa kisha kuliuza na kuchukua kamili baadaye. PlayStation inaweza kulihesabu toleo kamili kuwa gemu jingine lenye namba yake na tuzo zake. Ukiwa umesevu saa 60 kwenye diski ya kwanza, usijenge mipango juu ya kwamba diski ya pili itazikubali. Nyongeza zenyewe zimepangwa kwa Geralt aliyekomaa, wa levo ya 30 na kitu. Kuanza upya ukiwa na mtoto mchanga ni kuacha.

Nimalizie na hilo la mtoto, kwa sababu nalo limo kwenye hesabu ingawa hukuliuliza. Kwa mwendo wako wa saa nne na nusu kwa wiki, safari ya Ciri itakuchukua miezi mitatu au zaidi, na ukipenda kuzunguka vijijini kama ninavyodhani utapenda, miezi mitano au sita. Maana yake nyongeza utazifikia mtoto ameshazaliwa. Gemu hili ni rafiki wa mzazi. Halina mtu mwingine anayekusubiri mtandaoni. Mtoto akilia katikati ya pambano, unabonyeza kitufe kimoja, dunia nzima inasimama, unakwenda kumbeba. Jaribu kufanya hivyo kwenye mechi ya mtandaoni uone utakavyotukanwa. Sevu mwenyewe mara kwa mara ukiwa nje ya mapigano, usiiachie mashine peke yake, kwa kuwa umeme wetu unaujua.

Na ile namba 18 kwenye kasha si pambo. Kuna damu nyingi na kuna mambo ya chumbani. Mpwa wako wa miaka kumi na miwili na zaidi bado si wa kukaa pembeni kwa hili. Mkeo mwonyeshe mapema ajue ni gemu la namna gani, asije akalikuta ghafla akiwa na mama mkwe sebuleni.

Mwandikie mjomba leo, ili awe na muda wa kuuliza zaidi ya duka moja, lakini mwambie asilipe mpaka umwambie. Ukishamuua griffin, apige picha mbili: moja ya kasha kwa mbele, nyingine ya ubavu, herufi zisomeke. Zikikufikia, nitumie na mimi. Nitaziangalia siku hiyohiyo.

Ni mimi, kaka yako.